Mbio za saa sita za kuzunguka mlima: je, goti langu litanivumilia?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma, nina miaka 41 na watoto watatu. Kwa miaka miwili nimekuwa nakimbia na klabu ya joging ya mtaani kwetu, kila Jumamosi kilomita 10, na nimeshamaliza nusu marathoni moja kwa saa 2 na dakika 40. Sasa wenzangu wamejiandikisha kwenye mbio za porini nje ya mji mwezi wa saba. Mnazunguka njia moja ya kilomita 5 yenye mlima, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 7 mchana, na mwenye raundi nyingi ndiye mshindi. Ipo pia ya saa 3. Zimebaki wiki 10. Sijawahi kukimbia hata saa tatu kamili, na naogopa kuwa wa mwisho watu wote wakinisubiri. Goti langu la kulia linauma kwa mbele nikiteremka. Halafu mwenzetu mmoja anasema siri ni kunywa lita moja ya maji kila saa na kumeza diklofenaki kabla ya kuanza. Mama yangu ana presha. Nifanye nini?"

Marahaba, mwalimu. Kwanza nirekebishe jambo dogo: mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, siyo daktari. Wakimbiaji ninaowahudumia hapa mjini wengi ni watu kama wewe, wenye kazi, familia na jozi moja ya raba. Kwa hiyo habari ya goti na misuli nitaieleza kwa undani, na habari ya presha nitakuelekeza kwa wenye kazi yao.

Umeuliza mengi, lakini nikisoma barua yako naona chini yake kuna swali moja: je, mtu wa joging ya Jumamosi ana nafasi kwenye mbio hizi? Anayo. Ila itakubidi uache vitu viwili nyumbani, yaani kasi yako ya Jumamosi na ushauri wa huyo mwenzenu.

Tuanze na hofu ya kuwa wa mwisho, kwa sababu ndiyo itakayokuharibia siku kuliko goti. Umezoea mbio za barabarani, ambako umbali umepangwa na muda ni juu yako. Huko mtu wa mwisho anaonekana: anaingia uwanjani mahema yanakunjwa na medali zimebaki mbili kwenye boksi. Mbio zako za mwezi wa saba ni kinyume chake. Muda ndio uliopangwa, umbali ni juu yako. Saa 7 mchana ikigonga, aliyezunguka mara tisa na aliyezunguka mara nne wamemaliza pamoja. Hakuna atakayekusubiri, maana hakuna anayeweza kumaliza kabla yako. Na kwa kuwa wote mko kwenye njia moja, baada ya raundi mbili mtakuwa mmechanganyika kiasi kwamba anayekupita huenda amekuzidi raundi mbili, au wewe ndiye umemzidi moja na yeye ametoka tu kupumzika. Wanaojua ukweli ni wale wa meza ya kuhesabu.

Mwaka 2025 huko Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa muda wa saa 2:09:48, sawasawa na Mjerumani Amanal Petros, hadi ikabidi picha ya mstarini iamue. Najua klabu nyingi za huku kwetu zilipata moto mpya siku ile, na ni haki yao. Lakini hizo ni mbio za kumfukuza mtu hadi mstarini. Zako ni za kugawa nguvu katika saa sita. Mtu anayeziingia kwa moyo wa kufukuzana huwa amekaa chini ya mti saa 4 asubuhi.

Niseme pia kwamba mbio za raundi ziko za aina zaidi ya moja, na watu huzichanganya. Kuna zile zilizoanzishwa na Mmarekani Gary Cantrell huko Tennessee, ambako raundi ina kilomita 6.7 na kila saa inapoanza lazima uwe mstarini upya. Ukimaliza kwa dakika 50, una dakika 10 za kupumua, ukichelewa, umetoka. Zinaendelea hadi abaki mtu mmoja, na mwaka 2023 Harvey Lewis alifika raundi 108, yaani siku nne na nusu. Ukisikia mtu anakutisha kwamba "ukichelewa raundi moja wanakutoa", anazungumzia mbio za namna hiyo. Kwa jinsi ulivyoeleza, zako hazina masharti hayo. Unaweza kukaa nusu saa kivulini, ukainuka, ukaendelea, na raundi zako zote zikabaki zako.

Hata hivyo kuna sharti moja ambalo lazima umuulize mwandaaji kabla ya siku yenyewe: raundi ya mwisho inahesabiwaje? Wengine huhesabu raundi zilizokamilika tu kabla ya muda kwisha, kwa hiyo ukiwa umebakiza mita 200, kilomita zote ulizokwisha kuzikimbia za raundi hiyo zimepotea. Wengine hukubali raundi uliyoianza kabla ya muda kwisha. Wengine dakika za mwisho hufungua kinjia kifupi ili kila mtu aongeze anachoweza. Majibu haya yanabadilisha hesabu yako yote ya saa ya mwisho. Nimeona watu wazima wakilia kwa sababu walikimbia raundi nzima juani isiyoandikwa popote.

Sasa hesabu. Nusu marathoni yako ni wastani wa dakika saba na nusu kwa kilomita, barabarani, mara moja. Porini, kwenye mawe na mchanga, na mlima ukiwa unautembea, dakika 10 kwa kilomita ni mwendo wa heshima. Hiyo ni dakika 50 kwa raundi. Weka dakika 6 za kusimama kati ya raundi na raundi. Raundi sita zitakuchukua saa 5 na nusu, kilomita 30. Ukiongeza mwendo ukafanya raundi kwa dakika 44 na kusimama dakika 5, utapata raundi saba na kubakiza kama dakika 20. Lakini tazama upande wa pili: ukifanya raundi kwa dakika 44 na kila ukifika kambini unakaa kwenye kiti dakika 15, saa sita zinakuishia ukiwa na raundi sita tu. Umekimbia kwa kasi zaidi ya yule wa dakika 50 na mmelingana. Ndiyo maana nawaambia wakimbiaji wangu kwamba kwenye mbio za saa, muda haupotelei mlimani, unapotelea kwenye kiti. Kula ukiwa umesimama. Jaza chupa, chukua kiazi mkononi, ondoka unatembea.

Kuhusu kasi ya mwanzo, ngoja nieleze kinachotokea mwilini, kwa sababu ukikielewa hutahitaji kukumbushwa. Misuli na ini huhifadhi sukari, kwa mtu mzima kama gramu 400 hadi 500 ukijumlisha yote. Ukikimbia kwa nguvu, sukari hiyo inatumika kwa wingi na baada ya saa mbili hivi akiba inakaribia chini. Ukienda polepole, mwili unachoma mafuta kwa sehemu kubwa zaidi, na mafuta tunayo ya kutosha sote, hata wembamba. Kwa hiyo raundi ya kwanza uliyoikimbia kwa kishindo hailipwi kwenye raundi ya pili. Inalipwa saa 5 asubuhi, pale miguu inapokuwa mizito ghafla na akili inaanza kukushawishi urudi nyumbani. Kipimo changu ni rahisi: katika saa mbili za kwanza uweze kumsimulia mwenzako kisa kizima bila kukatakata sentensi. Ukishindwa, punguza. Na mlima utembee kuanzia raundi ya kwanza, si ukichoka. Kutembea mlimani hakumfanyi mtu kuwa si mkimbiaji. Wakimbiaji wakubwa wa milimani duniani hutembea kwenye mipando mikali, kwa sababu kukimbia hapo kunamaliza nguvu nyingi kwa faida ya sekunde chache.

Nije kwenye goti, ambalo ndilo eneo langu. Maumivu ya mbele ya goti yanayokuja ukiteremka, na nadhani pia ukishuka ngazi au ukikaa muda mrefu kwenye kikao umekunja miguu, mara nyingi hutoka pale kifupa cha duara cha mbele, kiitwacho pia ya goti, kinapoteleza juu ya mfupa wa paja. Watu wengi huambiwa "goti limelika" au "mafuta ya goti yamekwisha". Kwa mtu wa umri wako ambaye goti halivimbi, halikwami na halimwangushi, kwa kawaida sivyo. Sehemu hiyo imebebeshwa mzigo kuliko misuli inavyoweza kuugawa, basi.

Kwa nini mteremko? Unapopanda, misuli ya mbele ya paja inafupika inapofanya kazi, inakusukuma juu. Unapoteremka, misuli ileile inafanya kazi huku ikivutwa irefuke, kama breki. Kazi ya breki ndiyo inayokandamiza pia ya goti, na ndiyo inayopasua nyuzi ndogondogo za misuli, hadi kesho kutwa unashuka kitandani kwa kushika ukuta. Sasa fikiria mbio za raundi: mteremko uleule, mawe yaleyale, mara sita. Kinachokufurahisha raundi ya kwanza, ule mserereko wa kuachia miguu ichukue, ndicho kitakachokumaliza raundi ya tano. Kwa hiyo teremka kwa hatua fupifupi na za harakaharaka, mguu utue karibu na chini ya mwili wako badala ya mbele yako. Hatua ndefu ni breki kubwa. Hatua fupi ni breki ndogo nyingi, na goti linapenda hizo.

Pamoja na hayo, imarisha mapaja na nyonga mara tatu kwa wiki. Huhitaji jimu. Kaa na usimame kwenye kiti bila kushika chochote, ukihesabu tatu unaposhuka, mara 10 au 12, seti tatu. Panda ngazi moja ya shule na ushuke polepole kwa mguu mmoja, ukiangalia goti lisiingie ndani kuelekea mwenzake. Nikiwapima wakimbiaji hapa ndipo ninapoona tatizo mara nyingi, goti linaangukia ndani kwa sababu misuli ya ubavu wa nyonga ni dhaifu. Kwa hiyo lala ubavu, mguu umenyooka, uinue wa juu ukiuvuta nyuma kidogo, mara 15 kila upande. Fanya hivyo kwa wiki sita mfululizo kabla hujasema haisaidii.

Goti likiuma ukiwa mazoezini, usiogope kila maumivu. Ukilipa alama sifuri hadi kumi, likibaki tatu au chini, na kesho yake asubuhi limerudi kawaida, endelea. Likifika tano, au kesho yake bado linachechemea, ulizidisha, punguza mteremko wiki hiyo. Likivimba, likikwama katikati ya kukunja, au likakuachia ghafla kama linakatika, acha kukimbia na uje uonwe ana kwa ana, hapa kwenye maandishi siwezi kuligusa. Hospitali kubwa za hapa Dodoma zina idara za fiziotherapia. Usisubiri hadi wiki ya mbio.

Hapo ndipo ninapofika kwenye diklofenaki, na nitasema kwa ukali kidogo kwa sababu nimeliona sana. Usimeze. Wala ibuprofeni. Dawa hizi huuzwa duka la dawa kama pipi, ndiyo maana watu huziona nyepesi. Unapokimbia saa nyingi, damu inakwenda kwa wingi kwenye misuli na ngozi, na figo zinapata kidogo. Mwili huzilinda kwa kemikali zinazoipanua mishipa ya damu ya figo. Diklofenaki hupunguza maumivu kwa kuzuia utengenezaji wa kemikali hizohizo. Kwa hiyo katika siku ambayo figo zako zina kiu, umefunga bomba lililobaki. Ongeza jua la mchana na misuli iliyochanika inayomwaga protini yake kwenye damu, na una mtu ambaye mkojo wake jioni una rangi ya chai ya rangi. Tena dawa inaficha ile alama ya tano niliyokuambia uisikilize. Na kama wewe mwenyewe una presha bila kujua, ni dawa ambazo hupandisha presha.

Na maji? Lita moja kila saa kwa lazima, hapana. Najua tunaishi kwenye ukame, na tangu utotoni tumeambiwa maji hayazidi. Yanazidi. Damu yako ina kiasi maalumu cha chumvi, na unapokimbia muda mrefu, mwili hutoa homoni inayozuia mkojo ili kuhifadhi maji. Ukimimina lita sita za maji matupu ndani ya mwili usiokojoa vizuri, chumvi ya damu inazimuliwa, maji yanaingia kwenye seli, na seli za ubongo zikivimba hazina pa kwenda kwa sababu fuvu halitanuki. Dalili ni kichefuchefu, kichwa kuuma, vidole kuvimba hadi pete inabana, kisha kuchanganyikiwa. Ubaya ni kwamba dalili hizo zinafanana na za mtu mwenye upungufu wa maji, na watu wema wanaozunguka humpa maji zaidi. Niliwahi kumkuta kijana katika hali hiyo, ameshika chupa mbili, anaongea maneno yasiyoshikana, na mwenzake anamlazimisha amalize ya tatu. Kilichomwokoa ni kwamba gari lilikuwepo na lilimpeleka hospitali haraka.

Kunywa kwa kiu. Kila raundi pita na chupa ya nusu lita, piga mafunda kiu inapokuja, na kama imebaki, imebaki. Jua likikaza utataka zaidi, na hapo mpe mwili unachotaka. Hewa yetu ina mtego wake: ni kavu na ina upepo, hasa mwezi wa saba, kwa hiyo jasho linakauka kabla hujaliona na unajidanganya kwamba hutoki jasho. Angalia fulana yako nyeusi. Michirizi myeupe ya chumvi itakuambia. Kwa hiyo chupa moja kati ya kila mbili iwe ya ORS, ile poda ya chumvi na sukari wanayopewa wanaoharisha, pakiti moja kwa lita moja kama ilivyoandikwa, usiizidishe nguvu. Njia nzuri ya kujijua ni kujipima uzito kabla na baada ya mazoezi marefu. Ukipungua kilo moja au moja na nusu, hakuna shida. Ukiwa umeongezeka, ulikunywa kupita kiasi.

Chakula kitakusaidia kuliko maji mengi. Lenga gramu 30 hadi 60 za wanga au sukari kwa saa, ukianza mapema, raundi ya kwanza ikiisha, kabla njaa haijaja. Usidanganywe kwamba lazima ununue vipakiti vya jeli vya bei ya kuku. Ndizi mbivu moja kubwa ina kama gramu 25. Kiazi kitamu cha kuchemsha, cha ukubwa wa ngumi, kinakaribia 30, na ukikitia chumvi kidogo umepata mawili. Kijiko kikubwa cha asali, na sisi wa kanda ya kati asali ya Singida na Manyoni ipo jirani, ni kama gramu 17. Kiganja cha zabibu kavu kinatosha kwa nusu raundi. Soda moja ndogo ina zaidi ya gramu 30, na ikitolewa gesi inakaa vizuri tumboni saa za mwisho. Karanga na nyama ziache kwa jioni, mafuta hukaa tumboni muda mrefu. Uji wa asubuhi uunywe saa 11, siyo saa 12 na nusu. Na chochote utakachokula siku ile, uwe umeshakila ukikimbia angalau mara tatu. Tumbo nalo hufanyiwa mazoezi.

Mwezi wa saba waandaaji wamechagua vizuri. Asubuhi ya Dodoma wakati huo ni ya baridi, nyuzi 13 au 14, na mchana ni kama 26. Ingekuwa mwezi wa kumi au wa kumi na moja, ambapo joto hufika nyuzi 30 na kuzidi, ningekushauri ya saa tatu bila kusita. Saa mbili za mwisho, kuanzia saa 5, ndizo zitakuwa na jua na upepo wa vumbi. Vaa sweta jepesi la kuvua raundi ya kwanza, kofia yenye ukingo, na soksi ndefu kidogo, kwa sababu nyasi zitakuwa zimekauka na mbigili zinashika. Paka mafuta ya mgando makwapani, katikati ya mapaja, kwenye vidole vya miguu na chini ya ukingo wa sidiria; michubuko ya sidiria imewatoa wanawake wengi kwenye mbio na hawasemi walitolewa na nini. Ukisikia mchanga ndani ya raba, simama ukung'ute hapohapo. Dakika moja sasa, au lengelenge raundi tatu zijazo. Kwenye majabali usiingize mkono usipopaona, nyoka hupenda jua la asubuhi, na ukikuta nyuki wametulia kwenye mbuyu pita kimya.

Kwa wiki 10 ulizonazo, hesabu mazoezi marefu kwa saa badala ya kilomita. Jumamosi endelea na klabu, lakini polepole. Jumapili, au siku yoyote unayopata asubuhi nzima, nenda milimani, maeneo ya Iyumbu na kuzunguka Chuo Kikuu yana njia nzuri za vumbi, kila mara na mwenzako mmoja au wawili. Anza na saa moja na nusu, ongeza taratibu hadi saa mbili, saa mbili na nusu, wiki ya nne punguza upumzike, kisha saa tatu. Wiki tatu kabla ya mbio fanya saa nne, ukizunguka njia moja fupi na kurudi kwenye gari au kwenye begi lako kila raundi, ule, ujaze chupa, uondoke. Hayo ndiyo mazoezi yenyewe: kuondoka tena wakati kiti kipo. Mtu anayekimbia kutoka mji hadi mji hana pa kuachia. Wewe utapita kambini, kama mlangoni pa nyumbani, mara sita. Baada ya hapo punguza kila wiki, na wiki ya mwisho usitafute nguvu mpya, haiwezi kupatikana.

Je, saa sita au saa tatu? Kwa historia yako, miaka miwili ya kukimbia bila kuacha na nusu marathoni mfukoni, naona saa sita zinawezekana, kwa lengo la raundi tano, sita zikijaliwa. Uzuri wa raundi ni kwamba kila baada ya kilomita tano uko kwenye maji, kivuli na watu. Kwa mara ya kwanza porini ni salama kuliko njia ndefu ya kwenda tu. Lakini ikiwa yale mazoezi ya saa nne yataliacha goti likichechemea zaidi ya siku mbili, hamia saa tatu. Nimeona watu wakikataa kuhamia kwa sababu wenzao wa klabu wamejiandikisha sita. Wenzako hawatalibeba goti lako kwenda nalo darasani Jumatatu.

Kuhusu mama yako, nenda kituo cha afya wiki hii upimwe presha na sukari. Ni dakika chache, na kwa umri wako ungepaswa kufanya hivyo hata bila mbio. Ikiwa umewahi kuhisi maumivu au mgandamizo kifuani ukikimbia, moyo kwenda mbio bila mpangilio, au kuzimia, ama kuna ndugu wa karibu aliyefariki ghafla akiwa kijana, muone daktari kabla ya zoezi lolote refu. Vivyo hivyo kama unajua una vinasaba vya selimundu, mwambie daktari na usilazimishe mlima juani. Ukiwa na homa siku ya mbio, usianze, hata kama umelipia. Na siku yenyewe, kuchanganyikiwa, kutapika kusikokoma, au kuacha kutoka jasho huku ngozi inaunguza ni mambo ya hospitali siku hiyohiyo. Mkojo wa rangi ya chai hata kesho yake usiupuuze. Mwambie mtu mmoja wa familia dalili hizi, maana anayechanganyikiwa hajijui.

Ukishafanya zile saa nne, niandikie. Niambie goti lilikuwaje ukiwa unateremka raundi ya mwisho, na lilikuwaje kesho yake asubuhi ulipoinuka kitandani. Kwa majibu hayo mawili nitaweza kukushauri kuhusu raundi ngapi.